Watafiti wa tabianchi wanakuja kijijini: BMU ijiandae vipi?

SWALI: Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, katika kijiji kimoja cha mwambao wa Lindi. Miaka ya nyuma wamekuja watafiti mara tatu. Walipima, walihoji wavuvi, wakaondoka, na hatukusikia matokeo. Mikoko tuliyopanda pamoja na kundi la mwisho, kwenye tope la mbele ya kijiji ambalo hukauka siku za bamvua tu, maji yanapojaa na kutoka kuliko kawaida, imekufa karibu yote. Sasa tumeletewa barua kuwa timu nyingine inakuja kwa ajili ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, wakitaja mikoko na pweza. Baadhi ya wajumbe wanataka tuwakatalie. Mimi nadhani tunawahitaji, lakini sitaki tupoteze miaka miwili mingine. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu katibu, usiwakatalie. Ila wasiwakute mikono mitupu. Kabla hawajafika, kamati yako ikae iandike kwenye karatasi moja mambo ambayo ninyi wenyewe mtalazimika kuyaamua katika miezi 18 ijayo, na mbele ya kila jambo muweke tarehe ya mwisho ya kuamua.

Angalia nimesema maamuzi, sikusema mada. "Athari za tabianchi kwa mikoko" ni mada. Mtu anaweza kuizunguka miaka mitatu na akaandika kurasa mia bila kukwambia upande nini kesho. "Tupande tena kwenye tope lile, au tukate tuta la majaruba ya chumvi, yale mabwawa ya kukaushia maji ya bahari, yaliyoachwa ili maji yarudi?" huo ni uamuzi. "Mwamba wa pweza tuufunge mwezi gani, na kwa muda gani?" na huo ni uamuzi. Mtafiti mwenye nia njema akipewa uamuzi na tarehe, anajua apime nini, wapi, mara ngapi, na aache nini. Akipewa mada, atapima kile alichozoea kupima. Hapo ndipo ushirikiano mwingi huharibika, tena mapema, kabla mtu yeyote hajakosea jambo lolote baharini.

Tarehe ni nusu ya kazi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Bunge likianza kujadili bajeti mwezi Aprili, mlango wa kuingiza jambo jipya umeshafungwa. Kwa hiyo kama matokeo yanahitaji fedha ya halmashauri, yawe mezani kwenu Oktoba au Novemba. Yakija Machi, hata yawe mazuri namna gani, yatangoja mwaka mzima. Kama yanahitaji sheria ndogo, mfano kufunga eneo au kuweka faini, ongeza muda: rasimu ipite halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kata, kisha madiwani wa wilaya waidhinishe. Mwambieni mtafiti haya siku ya kwanza. Wengi wao hawaijui kalenda hii, na hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Jambo la pili ni umri wa uamuzi, yaani unaangalia muda gani mbele. Kila uamuzi una masafa yake, na taarifa ya tabianchi nayo ina masafa yake. Zisipolingana, mnapoteza muda. Hesabu za hali ya mwaka 2050 hazikusaidii kupanga ufungaji wa pweza wa mwakani. Kwa huo unahitaji joto la maji ya mwamba wenu na utabiri wa msimu. Kinyume chake, ukitaka kuamua nani apewe kiwanja nyuma ya mikoko, utabiri wa msimu hauna kazi. Hapo ndipo kupanda kwa bahari kunapohusika. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilikadiria kuwa kati ya 2006 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Miaka kumi ni chini ya sentimita 4, na mtu anaweza kusema ni kidogo. Lakini kwenye ufukwe tambarare unaoinuka mita 1 katika kila mita 200, sentimita hizo 3.7 ni karibu mita 7 za kuingia nchi kavu. Mikoko hujibu kwa kurudi nyuma. Ikikuta nyumba, barabara au jaruba, haina pa kwenda. Huo ni uamuzi wa mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, na ni vizuri ufanyike sasa wakati ardhi hiyo bado ni wazi.

Sasa niingie kwenye mikoko yenu iliyokufa, kwa sababu ndani yake mna somo lote la namna ya kufanya kazi na watafiti.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mlipanda chini mno. Tope linaloonekana siku za bamvua tu si mahali pa mkoko. Mikoko huota kuanzia karibu usawa wa kati wa bahari kupanda juu hadi pale bamvua kubwa linapofika. Chini ya hapo mche hukaa majini saa nyingi kuliko unavyoweza kuvumilia, mawimbi huung'oa, na chaza wadogo na konokono huganda shinani hadi ukainama. Watu hupanda pale kwa sababu pako wazi, hapana mgogoro wa umiliki, na mbegu ndefu za mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka. Pia pale panapendeza kwenye picha. Lakini kama mikoko ingeweza kuota pale, ingeshaota yenyewe. Mbegu zinapita hapo kila mwaka.

Kipimo cha kujua kimo cha eneo hakihitaji mashine. Chagueni siku isiyo na upepo, wakati mto Lukuledi haujajaa kwa mvua kubwa. Mtu mmoja asimame kwenye mche mchanga wa asili ulio chini kuliko yote, yaani ule wa mwisho kuelekea baharini, wa aina ileile mnayotaka kupanda. Wengine wasimame na vijiti vyenye alama za sentimita kwenye eneo la kupanda. Maji yanayojaa yakigusa tu shina la mche ule, apige filimbi, na dakika hiyohiyo wengine wasome kina cha maji walipo. Ukisoma sentimita 40, eneo lako liko sentimita 40 chini ya mahali ambapo mkoko umeweza kuishi wenyewe. Usipande. Kama eneo liko nyuma ya tuta na maji hayafiki kwa wakati mmoja, tumieni mpira mwembamba wa kuonea ndani, wa mita 20 au 30, uliojazwa maji, kama anavyofanya fundi mwashi akisawazisha msingi. Endeni hatua kwa hatua mkijumlisha tofauti. Kosa la kawaida ni povu la hewa ndani ya mpira: hilo peke yake linaweza kukupotosha kwa sentimita kadhaa. Jazeni taratibu, inueni ncha zote mbili pamoja, na kabla ya kuondoka hakikisheni maji yanalingana pande zote.

Aina nayo ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele kuelekea bahari, mkoko wenye mizizi ya matao hufuata na kuambaa kingo za vijito, mkandaa na msinzi hukaa katikati na juu zaidi, na mchu hustahimili chumvi kali hadi ukingo wa nchi kavu. Kupanda mkoko huo wa matao kila mahali kwa kuwa mbegu yake ni rahisi ni kosa la pili baada ya lile la kimo.

Swali ambalo timu inayokuja ingepaswa kuanza nalo ni hili: kwa nini mikoko haikurudi yenyewe pale ilipokatwa? Majibu ni machache. Ama maji yamezuiwa, ama mbegu hazifiki, ama miche inaliwa na kukanyagwa, ama kimo kimebadilika. Pwani ya Lindi na Mtwara, jibu la kwanza hupatikana mara nyingi kwenye majaruba ya chumvi yaliyoachwa: tuta limebaki, maji ya bamvua yanaingia kidogo na kukauka ndani, chumvi inajilundika hadi hata mchu unakufa. Hapo kupanda ni kutupa nguvu. Tafuteni njia za zamani za vijito, wazee wanazikumbuka na picha za setilaiti za miaka ya nyuma huzionyesha, mkate tuta katika njia hizo, zaidi ya sehemu moja, hadi usawa wa kitako cha kijito. Ukikata tundu moja jembamba, maji yote yatapita hapo kwa kasi, yatachimba shimo, na sehemu ya juu itabaki kavu. Kisha subirini. Acheni bamvua kadhaa zisafishe chumvi, na msimu mzima wa mbegu upite kabla ya kugusa mche.

Kusubiri ndiko kunakoshinda watu, wakiwamo wafadhili. Ndiyo maana ni lazima mkubaliane na watafiti mapema ni namba ipi itabadilisha uamuzi. Mfano: wekeni viwanja vitano vya mita 10 kwa 10, vigingi kila pembe, hesabuni miche mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Mkubaliane kwa maandishi kwamba mwezi wa 12 kiwanja kikiwa na miche chini ya 25, mtapanda; kikizidi, mtaacha kiote chenyewe. Namba yenyewe mjadiliane kulingana na eneo lenu. Cha muhimu iwepo kabla ya kuhesabu, la sivyo kila mtu atayasoma matokeo kwa namna inayompendeza. Kwa miti mikubwa, unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko wenye matao hupimwa sentimita 30 juu ya tao la juu kabisa. Nimetaja hili kwa sababu wapimaji wawili wakitumia mahali tofauti, msitu utaonekana umekua au umesinyaa wakati haukufanya lolote.

Kabla ya jembe kugusa tuta, kaeni na wenye mamlaka. Mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Leseni za chumvi hutoka Tume ya Madini. BMU yako inatambuliwa kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003, na sheria hiyo haikupi mamlaka juu ya mti wala jaruba. Ardhi ya nyuma iko chini ya halmashauri ya kijiji. Kwa ndugu zetu wa Msimbati na vijiji vingine vya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mhifadhi naye ni lazima awepo. Mtafiti hawezi kuwaunganisha watu hawa, lakini ziara yake ni nafasi nzuri ya kuwaweka meza moja. Itumieni. Kikao kimoja chenye afisa misitu, afisa uvuvi, mwenyekiti wa kijiji na mwenye jaruba kina thamani kuliko warsha tatu mjini.

Kwa pweza nitakuwa mfupi zaidi, ila kuna mtego mmoja mkubwa. Pweza huishi mwaka mmoja hivi na zaidi kidogo, na hukua haraka sana, ndiyo maana kufunga mwamba miezi mitatu huleta pweza wakubwa siku ya kufungua. Siku hiyo wanakuja watu wa dago, yaani wavuvi wageni wanaopiga kambi, kilo zinamwagika, kila mtu anashangilia, na taarifa inaandikwa kwamba imefaulu. Lakini siku moja haithibitishi kitu. Watu walioenda ni wengi kuliko kawaida, na kilo hizo pengine ni zile ambazo zingevuliwa kidogokidogo katika miezi mitatu. Takeni watafiti wapime kilo kwa mvuvi kwa bamvua moja, kabla ya kufunga, siku ya kufungua, na bamvua tatu au nne zinazofuata. Na wapime hivyohivyo kwenye mwamba wa jirani usiofungwa. Bila mwamba wa jirani hamtajua kama ongezeko ni la kufunga au ni mwaka mzuri tu. Mwezi wa kufunga nao usitoke vitabuni: wakague pweza jike wanaofika kwa mnunuzi kila mwezi, waone mayai yamekomaa lini, kisha ndipo mchague.

Kufunga hakuzuii joto. Matumbawe yakipauka na kufa, mashimo ya pweza hupotea nayo baada ya muda. Wataalamu hupima mkazo wa joto kwa kuanzia wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote. Maji yakizidi wastani huo kwa nyuzi 1 kwa wiki nne, hesabu ni 4, na hapo kupauka hutarajiwa; ikifika 8, vifo vingi hutarajiwa. Hesabu hii inapatikana bure kwenye intaneti kutoka setilaiti, lakini setilaiti huona uso wa bahari kwa eneo pana. Madimbwi ya mwamba wenu saa sita mchana ni habari nyingine. Ombeni timu iweke vifaa vidogo vya kurekodi joto, angalau viwili kwa kila mwamba, kila saa moja, kuanzia Novemba hadi Mei ili miezi ya joto ya Februari hadi Aprili iwe katikati. Kabla ya kuviweka, vizamisheni vyote pamoja kwenye ndoo ya barafu inayoyeyuka: visome karibu na 0, na visome sawa. Kisichosoma sawa kiachwe. Vifungeni kwenye kivuli cha jiwe, la sivyo vitapima jua. Na mtu wa kijiji ajue kutoa takwimu, kwa sababu betri huisha na watafiti huwa mbali.

Wanaolima mwani watahitaji kingine pia, nacho ni kiasi cha chumvi kwenye maji. Mvua kubwa ikinyesha Masasi na Ndanda hushuka na Lukuledi hadi ghuba ya Lindi, na mwani hudhoofika kwa maji ya mto yasiyo na chumvi kama unavyodhoofika kwa joto. Ukipima joto tu, utalaumu jua kwa kosa la mto.

Daftari la BMU ni mali yenu kuliko kifaa chochote. Lakini daftari lenye "ndoo mbili, fungu moja" halimsaidii mtu. Chukueni ndoo na matenga yenu, pimeni kilo mara 30 kwa kila chombo, mpate wastani, muandike wastani huo ukurasa wa kwanza. Kila siku ya kuandika iwe na tarehe, bamvua au maji mafu (siku ambazo maji hujaa na kutoka kidogo), upepo wa kusi au kaskazi, idadi ya watu, saa walizokaa, aina ya zana, na kilo. Siku nane kwa mwezi zinatosha, nne za bamvua na nne za maji mafu, mradi zisiwe siku mnazochagua kwa kuwa samaki ni wengi. Na siku ambayo watu walitoka wakarudi bure iandikwe sifuri. Sifuri zikiachwa, bahari itaonekana tajiri wakati inafilisika. Mwandishi alipwe kwa siku, asilipwe kwa idadi ya mistari. Akilipwa kwa mistari, mistari itapatikana hata bila samaki. Na wahojiwe akina mama wanaochokoa pweza na kutanda kwenye kina kifupi, tena peke yao, kwa kuwa wao ndio hukanyaga mwamba kila bamvua na huona mabadiliko kabla ya wenye mitumbwi.

Faida ya daftari huonekana likitokea jambo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilileta mafuriko Kilwa na kukata barabara kuu ya kusini. Kijiji kilichokuwa na vipimo vya miezi ya kabla yake kinaweza kuonyesha kilichopotea na kilichorudi. Kijiji kisichokuwa navyo kinabaki kusimulia tu, na masimulizi hayabebi uzito kwenye kikao cha bajeti.

Makubaliano yawe ukurasa mmoja, Kiswahili, yasainiwe na kiongozi wa timu, mwenyekiti wa kijiji na wewe. Kwanza waonyeshe kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua za mkoa na halmashauri. Bila hivyo mazungumzo yasubiri. Kisha andikeni uamuzi unaohudumiwa na tarehe yake, nani anapima nini, malipo ya wapimaji wa kijiji, vifaa vitabaki kwa nani, na kwamba nakala ya takwimu ghafi itabaki ofisi ya kijiji, kwenye karatasi na kwenye flashi. Andikeni pia yasiyotakiwa kuchapishwa: mahali hasa chewa wanapokusanyika kutaga au miamba yenu bora ya pweza isiwekwe kwenye ramani ya umma, maana ramani hiyo husomwa hata na wanaovua kwa baruti. Na matokeo yaletwe kwenye mkutano mkuu kabla hayajachapishwa, hata kama hayajakamilika.

Nao wana haki zao. Mwanafunzi ana miaka miwili, mfadhili anataka taarifa, na bila kuchapisha mtafiti hapati kazi inayofuata. Waulizeni wanahitaji nini, muwape. Akijua atachapisha kwa amani, atakubali kwa urahisi kurudi na majibu.

Wakirudi, watazungumza kwa uwezekano, na hapo watu huchoka. Chukua utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili. Umegawa mvua mafungu matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Kama hakuna anayejua lolote, kila fungu lina asilimia 33. Wakisema juu ya wastani ina asilimia 45, maana yake upande huo una nguvu zaidi, lakini bado kuna asilimia 55 kwamba haitakuwa hivyo. Mtu aliyeelewa hivyo hatasema mwakani kwamba walidanganya. Mwombeni mtafiti atoe matokeo yake yote kwa lugha ya mafungu namna hiyo.

Wajumbe wanaotaka kuwakatalia watafiti, wape kazi ya kuandaa makubaliano hayo. Waliowahi kuumia ndio huuliza maswali yanayofaa. Halafu panga siku ya kwanza ya ziara iangukie bamvua. Maji huwa yametoka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Wapeleke moja kwa moja kwenye ile mikoko iliyokufa, na vijiti vya sentimita mkononi, msubiri maji yarudi.